Bomba la Nekesa na Pua ya Mama Naserian

Kitengela

Kwa Mama yangu mpendwa,

Magoti yako yanaendeleaje? Ile baridi ya asubuhi bado inakusumbua? Sisi huku tuko wazima, vumbi tu ndilo linatumaliza.

Mama, uliniandikia Nekesa arudi nyumbani afundishe, eti kazi ya kiwanda ni ya wanaume. Keti vizuri nikwambie.

Kiwanda chao cha sabuni kinachoma salfa, na moshi wake unakwaruza koo mpaka mbuzi wa jirani, Mama Naserian, wanakohoa. Mjukuu wako akatengeneza kabomba, unene wa mkono wangu, akakajaza vipande vya dawa kama njugu. Moshi ukipita hapo pamoja na hewa, unageuka kuwa kitu cha kutengenezea sabuni, na kinachotoka nje ni hewa tu. Na dawa yenyewe haiishi! Umewahi kuona dawa kama hiyo? Mtoto wangu anayo.

Siku ya kwanza ilikataa. Moshi ulitoka vile ulivyoingia, watu wakakimbia. Meneja akamwambia, "Ikikataa tena, unarudi kupakia sabuni." Na mimi nilikuwa nimeshatangaza kanisani! Nekesa hakulia. Akasema, "Mama, niliharakisha. Dawa ilikuwa bado baridi." Ni kama mandazi tu: mafuta yasiposhika moto, umeharibu unga.

Jana akapasha bomba moto kwanza, moto kabisa. Nami nilijipeleka bila kualikwa, nimevaa nguo ya Jumapili. Meneja alikuwa amemwita Mama Naserian, ambaye hajawahi kusifu kiwanda kile, asimame pale moshi unapotokea. Moshi ukafunguliwa. Akanusa. Akanusa tena. Halafu akapiga chafya, ya pili, ya tatu! Meneja akashika kichwa. Mimi nikaanza kuomba kwa sauti.

"Mnaniangalia nini?" Mama Naserian akauliza. "Hii ni tumbaku yangu ya kunusa." Akapangusa pua kwa shuka alilojitanda, akainama mpaka karibu na bomba, akavuta pumzi. "Hapa hakuna kitu. Mbuzi wangu wanaweza kulala hapa."

Mama, nilipiga vigelegele mpaka hao mbuzi wakatoroka!

Sasa wanajenga bomba kubwa, na msimamizi ni Nekesa. Basi mwambie mwalimu mkuu asimngoje. Nisalimie kaka Wafula anayekuchungia ng'ombe, na shangazi Nafula wa kwaya, yule aliyesema msichana hawezi mabomba. Huyo umsomee barua hii mara mbili.

Ni mimi binti yako,
Mama Nekesa

Hapa wameanza kuniita Mama Injinia. Sijawakataza.