Mikate Miwili Mezani pa Bwana

Kwako mama mshauri wa gazeti,

Shikamoo kama umenizidi umri, ingawa sidhani. Kalamu si kazi yangu, kazi yangu ni tanuri, na hapa mtaani hakuna anayenifikia kwa moto, uliza yeyote. Mkate wa ushirika kanisani tunauoka mimi na mdogo wangu, yeye anakanda mimi naoka, tangu hatujaota mvi, sasa juzi nikamsikia akiwaambia wanakwaya eti utamu wa mkate ule ni mikono yake, nikamuuliza na mimi je, akasema, "Kaka, wewe ni kuni tu." Nikamwambia basi kauoke kwapani! Jumapili kila mtu akaja na mkate wake, wa mdogo wangu umeungua nilicheka mpaka nikakohoa, wangu ulikuwa imara sana, ulianguka sakafuni haukupata hata ufa. Mchungaji akasema tupeane amani kwanza, nikapeana na benchi zima, mdogo wangu nikampa vidole viwili, kwani imeandikwa wapi lazima viwe vitano? Mchungaji akaona, akaifunika meza kwa kitambaa, akasema hamegi mikate ya ugomvi, tulete mmoja au meza ikae hivyo hivyo.

Shida ni dada yetu mkubwa, aliyetulea mama alipofariki, wiki ijayo anapasuliwa tumbo na anataka ashiriki kwanza. Kaniambia, "Niliwalisha sinia moja, leo mnaninyima kipande?" Usingizi sina. Lakini mimi simwombi radhi mdogo wangu, mimi ndiye mkubwa wake. Na kuna jambo linanitekenya kichwani, nilimuuliza mchungaji akacheka tu: kwa nini amani itangulie mkate? Mimi nilidhani inapatikana pale pale mezani. Nani anashiba kwanza ndipo aende kula?

Mzee wa Tanuri

Mzee wa Tanuri, shikamoo, umenizidi.

Swali lako nimeshinda nalo kutwa nzima, hata chai imepoa. Kweli, amani tunapewa mezani, hatuji nayo kutoka nyumbani. Hakuna anayeshiba kabla ya kula. Ila kunawa mikono, mzee wangu, wote tunanawa, na wewe umekuja na mikono michafu unadai sahani.

Na mkate unaoanguka usipate ufa si imara, ni tofali. Wa mdogo wako ni mkaa. Jibu si mmeshalipata? Mchungaji kazi yake kumega, na kinachomegwa sharti kwanza kiwe kimoja.

Eti wewe mkubwa. Vizuri, mkubwa hutangulia. Kesho usiende na hotuba, maana nakujua sasa, utajisifu. Beba unga, bisha hodi kwa mdogo wako, sema, "Kanda, dada anasubiri." Basi. Akikanda, wewe washa tanuri na mdomo uufunge. Ukiiva, upelekeni pamoja. Na kabla dada yenu hajapewa kipande chake, mpe mdogo wako mkono mbele ya macho yake.

Vidole vyote vitano, mzee.