Mistari ya Wanyonyi

Jumatatu, 4 Mei 1998
Mvua ya saa nane mchana kama kawaida. Laini ya simu ikakatika, kompyuta ikaganda. Tena. Kerneli ya zamani, ule moyo unaoendesha mashine yote, ilivumilia laini mbovu. Hii mpya haivumilii, tangu Wanyonyi, mwenzangu wa ofisini, aongeze mistari yake ya programu ya modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na simu. Inaenda mbio, ndiyo. Mpaka inyeshe.

Jumatano, 6 Mei
Wenzetu wa ng'ambo tunaoandika nao kerneli wamejibu. Kwao haigandi. Bila shaka! Kwao waya hazilalii mikaratusi. Toleo jipya la kerneli linatoka Jumatatu. Sehemu ya modemu ni yetu sisi wawili, kwa hivyo tuamue wenyewe: mistari ibaki au itoke. Nimekasirika mpaka kichwa kinauma.

Alhamisi, 7 Mei
Sista wa zahanati huko Mulot amepiga simu. Kompyuta yake tuliiweka sisi, na kerneli hii mpya, na ndiyo anayoagizia dawa. Imeganda tangu juzi. Dawa hazikuja. Mama mmoja amekimbizwa hospitali ya Bomet kwa pikapu ya ng'ombe.

Ijumaa, 8 Mei
Wiki nzima tunatafuta kosa, wapi. Nimemwambia Wanyonyi tuitoe mistari mpaka tulipate. Kuna kampuni ya ng'ambo inamtaka kwa sababu ya mistari hiyohiyo. Wanangoja kuiona kwa toleo. Ameshaaga hata kwao Kimilili.
Mwishowe akauliza, "Ingekuwa yako, Chebet, ungeitoa?"
Nikasema ndiyo. Sijui kama ni kweli. Mkuki kwa nguruwe.

Jumapili, 10 Mei
Kanisani Wanyonyi alikaa nyuma, akatoka kabla ya baraka. Nikaenda ofisini na nguo za kanisa. Nimeitoa mistari. Nimetuma.
Najichukia. Wale wa laini nzuri nawachukia zaidi.

Alhamisi, 21 Mei
Tulimwekea Sista toleo jipya, anasema dawa zimefika. Asante nyingi. Zinaniuma.
Kampuni imemwandikia Wanyonyi kwamba itamfikiria siku nyingine. Hakuniambia, aliacha tu barua wazi kwa skrini.
Toleo nimelisoma. Jina langu halijawahi kuwa kwa kerneli. Sasa liko, mara moja: aliyeondoa mistari ya modemu. La Wanyonyi haliko.
Saa nane ikanyesha. Laini ikakatika. Tukatazama mashine, yeye kwa meza yake, mimi kwa yangu. Haikuganda.
Akavaa koti, akatoka na mvua.