Nguzo Mlangoni mwa Njia ya Baiskeli

Jumatatu, 3 Machi
Maziwa yamemwagika kidogo. Mandazi yameisha mapema. Vijana wa vipimo wamepaka rangi nyeupe kando ya barabara, hadi karibu na meza yangu ya chai. Ni njia ya baiskeli, kutoka sokoni hadi mpakani. Bi Nekesa, mpangaji wa mji, alikunywa chai akanieleza. Kuna miji ng'ambo iliyowapa waendesha baiskeli njia yao. Moshi ukapungua, na maduka ya kando yakauza zaidi. Anataka Busia iwe hivyo. Mji huu ulibebwa na baiskeli kabla sijaolewa. Lakini wazo ni zuri.

Alhamisi, 6 Machi
Mkutano ukumbini. Tulipewa soda. Okumu, ambaye miguu yake haina nguvu, aliuliza kuhusu baiskeli za watu kama yeye, zile za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, wanazovushia mizigo kwenda Uganda. Alijibiwa kwamba watapita. Tulipiga makofi.

Marehemu mume wangu, Ojambo, alikuwa na baiskeli kama hiyo. Lori lilimgonga likirudi nyuma kwenye foleni. Dereva hakumwona. Ojambo alikuwa amekaa chini mno.

Jumanne, 25 Machi
Njia imefunguliwa. Mlangoni wamesimika nguzo za chuma kuzuia pikipiki. Baiskeli ya kawaida inapita. Ya Okumu ilikwama, na katoni zake za sabuni. Kevo, kijana wa boda anayebeba abiria kwa pikipiki, akamwambia, "Mzee, hiyo ni treni. Rudi kwa malori."

Okumu akajibu, "Afadhali treni. Yako ni jiko la kuni lenye honi."

Watu walicheka. Mimi pia. Kisha Okumu akageuza, akaingia katikati ya malori. Nikaacha kucheka.

Ijumaa, 28 Machi
Nilikwenda kwa Bi Nekesa. Hakunifukuza. Alisema vipimo vilikuja pamoja na mchoro, na huko ng'ambo ulikotoka mchoro baiskeli ina magurudumu mawili. Hakuna aliyekumbuka kupima ya kina Okumu. Akiing'oa nguzo ya katikati, pikipiki zitajaa siku hiyo hiyo. Ni kweli. Nawajua.

Nikamwambia, "Ojambo alikufa kwa kukosa pa kupita. Sitaki kumzika Okumu pia."

Nikamwomba ang'oe nguzo, atuweke sisi. Wauza chai tukae mlangoni. Atakayeingia na pikipiki, hanywi kwetu. Watu wa boda hawaanzi kazi bila chai. Akasema tujaribu.

Jumapili, 30 Machi
Baada ya ibada nilimwona Mama Aisha anayeuza kaimati, zile donge tamu za kukaanga. Amekubali kuhamia mlangoni nami. Mahali pangu pa sasa ndipo Ojambo alipokuwa akisimama kunywa chai. Alikuwa akila kwanza ule utando wa maziwa juu ya kikombe, kwa kidole, kama mtoto. Kuhama kunaniuma. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 2 Aprili
Nguzo imetolewa. Kevo aliingia na pikipiki kabla vipande vya zege havijafagiliwa. Aliporudi kunywa, hakupewa. Akasema pesa yake si ya Uganda, kwa nini tunaikataa. Mama Aisha akamwambia, "Kunywa moshi wako, mwanangu." Wenzake walimcheka hadi akaondoka. Jioni alirudi, pikipiki ameiacha barabarani. Nilimmiminia.

Alhamisi, 3 Aprili
Waliingia wengine wawili. Sijui tutaweza hadi lini. Tumeuza kidogo.

Ijumaa, 4 Aprili
Mvua asubuhi, kisha jua. Hakuna pikipiki iliyoingia. Okumu alipita na mafuta ya kupikia, mikono ikizunguka polepole. Nilimnyanyulia kikombe. Akatikisa kichwa, akatabasamu. Hakusimama. Mzigo ulikuwa mzito na njia ilikuwa wazi.