Boti ya Baba Sasa Inalala kwa Shemeji

Nyumba ya Ziwani,
Chumba cha Cherehani.

Jumapili, tarehe 17 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba wetu,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa: marahaba sana. Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo? Na wanangu je, yule mdogo ameshaota meno ya mbele au bado anacheka kwa ufizi? Huku sote tu wazima. Mama anasumbuliwa kidogo na magoti, lakini ulimi haujambo kabisa. Asubuhi nzima ananigombeza eti cherehani yangu inamtikisia ukuta. Baba naye anakusalimu. Habari zake nitazifikia.

Picha ulizotuma zimefika, na tumezitazama mpaka zimechakaa kona. Umenenepa. Shati lile linakubana mabegani. Nitumie vipimo, usione haya.

Sasa kaa vizuri nikupe yaliyonijaa moyoni, maana hapa nyumbani sina wa kumwambia. Mama nikimwambia anasema nina kijicho. Na kweli ninacho, sikufichi. Nina wivu ambao ningeukata ningepata gauni na kilemba chake.

Unajua dada yako wa kati na mumewe walimaliza nyumba yao pale ng'ambo ya uzio wetu. Shemeji yetu yule mimi humwita Bwana Kitufe, kwa sababu kila kitu kwake ni cha kubonyeza. Geti kitufe, maji kitufe, mapazia kitufe. Mapazia, jamani! Nimeyashona kwa mikono yangu mwenyewe, yeye akayafungia mota. Basi mwaka huu akajenga banda la boti, na humo bandani akalaza reli.

Nikueleze uone. Ni vyuma viwili sambamba, vinaanzia ndani ya banda, vinateremka ufukweni, vinaingia majini mpaka chini huko usikoona. Juu yake kuna kitoroli cha magurudumu, kimevalishwa vipande vya zulia ili boti isichubuke. Boti ikirudi inaelea tu hadi juu ya kitoroli, inafungwa, Bwana Kitufe anabonyeza, winchi inavuta waya, na boti inapanda yenyewe taratibu mpaka ndani huku maji yakichuruzika. Hakuna anayetoka jasho. Hata viatu havilowi. Nilipoona mara ya kwanza nilisema hongera. Nilisema kwa mdomo.

Wiki ileile Baba akahamishia boti yake huko.

Boti ileile aliyoiunda mwenyewe hapa uani enzi za useremala wake, wewe ukiwa bado unatambaa! Mimi ndiye niliyemshikia mbao. Wanasema ukiona vyaelea vimeundwa. Basi na mimi nimo katika walioviunda. Tangu hapo kila asubuhi ilikuwa mimi na yeye, tunaisukuma juu ya magogo mpaka majini, Baba upande wa kulia, mimi wa kushoto, anahesabu, "Moja, mbili, haya!" na boti inakwenda. Watu wakimtania kwamba hana mtoto mkubwa wa kiume, anawajibu, "Huyu hapa ana mabega ya wanaume wawili." Wewe kazi yako ilikuwa kupiga makofi, na bado ulikuwa unasifiwa kuliko mimi.

Sasa Baba akiamka ananipita hapa dirishani, ananiambia, "Nipo hapo kwa mkwe," huyoo. Akirudi ameshakunywa chai. Chai, mdogo wangu! Chupa yangu inashinda mezani imejaa, jioni nainywa mwenyewe kwa hasira. Na chai ya dada yako unaijua, utadhani wamesuuzia vikombe.

Ubaya wa Bwana Kitufe ni kwamba hana ubaya. Ningepata pa kumshika ningepumua. Ananiita "Dada" kwa adabu zote, akinikuta na mzigo anaupokea, na akinisifia nguo anasifia pale hasa nilipohangaika. Mtu wa namna hiyo utamchukiaje bila kujichosha? Nimejichosha, lakini nimejitahidi.

Nilikuwa nikisimama dirishani na uzi mdomoni, nawatazama wakienda ziwani. Shemeji amekaa kwenye ubao wa mbele, pale nilipozoea kukaa mimi. Siku moja nikaona Baba ameshika kasia lakini anayepiga maji ni shemeji peke yake; kasia la Baba linalamba tu. Nikasema, tazama, ameshamgeuza baba wa watu abiria ndani ya boti yake mwenyewe! Siku hiyo nilimshonea karani wa benki koti, mkono wa kushoto nikauweka pa mkono wa kulia.

Nikaapa. Kama ni reli tu, hata mimi nitaweka reli. Nikamwita fundi wa kuchomelea, nikachukua utepe wangu wa kupimia wateja, nikapima mwenyewe kutoka banda letu la zamani hadi majini. Sikutaka ushauri wa mtu, hasa wa ng'ambo ya uzio. Vyuma vikakatwa kwa kipimo changu. Winchi nikataka ya kuzungusha kwa mkono, maana vitufe vimenitosha. Mama akapita, akatazama, akasema "Haya." Unaijua ile "haya" yake.

Jumamosi ya wiki iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya kuzindua. Nikawaalika wote. Nilivaa gauni la kitenge jipya, nikachemsha chai ya kutosha kijiji. Kumbe, mwenzangu, nilipopima, mvua zilikuwa ndiyo kwanza zimekatika na ziwa limejaa pomoni. Fundi alipomaliza, kiangazi kilikuwa kimekolea na maji yamerudi nyuma. Reli zangu zikaishia mchangani, hazikugusa hata tone. Mimi, ninayewagombeza wanafunzi wangu kila siku kwamba nguo huachiwa pindo, sikuliachia ziwa pindo!

Baba na shemeji walikuja na boti kwa majini, wakasimama pale wanatazama. Dada yako akaanza kucheka, akajifanya anakohoa. Bwana Kitufe hakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi. Akasema atakwenda kuleta kamba. Nikamwambia asante, hatuhitaji, boti hii mimi na Baba tumeisukuma tangu wewe hujalijua geti la nyumba hii. Nikapanga magogo mchangani, kutoka majini hadi kwenye reli. Baba akayatazama magogo, akaitazama mikono yake, akaja upande wake wa kulia.

"Moja, mbili, haya!"

Boti haikutikisika. Tukarudia, wapi. Nikadhani mbao zimekunywa maji. Mara ya tatu ikaenda, ikapanda mpaka kwenye kitoroli changu, nami nikapiga kigelegele, "Tumeiweza, Baba!" Nikageuka nimwone Bwana Kitufe sura inavyomshuka. Nikamkuta ameinama nyuma ya boti, magoti mchangani, bega amelikandamiza kwenye mbao, anahema. Ndiye aliyeisukuma. Alipoona nimemwona, akatikisa kichwa kidogo, nisiseme.

Nikamtazama Baba. Viganja vyake vilikuwa vimekaa tu juu ya ubavu wa boti, kama mtu anayempapasa ng'ombe. Hamkuwa na nguvu humo, mdogo wangu. Hata kidogo.

Jioni alikuja mwenyewe humu chumbani, akakaa kwenye kiti cha wateja. Akaniambia mikono imeanza kumuaga tangu mwaka jana, na daktari amemwambia asitegemee irudi ilivyokuwa. Hata kikombe anakishika kwa mikono miwili, na bado kinamwagika. Nikamuuliza, sasa kwa nini ukanywee huko, Baba? Kwa nini si hapa kwangu?

Akasema, "Mkwe hakunijua nilivyokuwa. Wewe ulinijua."

Nililia, sikatai. Lakini usidhani wivu uliisha. Uliongezeka! Kwanza nilimwonea shemeji wivu kwa reli, halafu kwa chai. Sasa namwonea kwa sababu yeye aliambiwa kabla yangu. Siri ya baba yangu imelala kwa mtoto wa watu muda wote huo, na mimi niko hapahapa natunga uzi kwenye sindano! Najua aliificha kwa heshima. Najua angekuwa mwingine angeshatangaza. Roho inaniuma vilevile.

Basi Jumatatu, boti ikiwa imesharudishwa kwa shemeji, nikajikaza, nikapita uzioni, nikapiga hodi na chupa yangu ya chai mkononi. Nikamwambia Bwana Kitufe kwamba ubao wa mbele ni wangu, yeye akae nyuma. Akahama papo hapo. Kitufe nikakibonyeza mimi, na kusema kweli kinanoga, boti inateremka kama bibi harusi. Tangu siku hiyo tunakwenda watatu. Baba anashika kasia, sisi tunapiga, na hakuna anayetazama kasia la mwenzake. Chai yangu anainywa katikati ya ziwa, nami nageukia upande mwingine mpaka amalize.

Reli zangu zipo. Mama anaanikia mashuka, anasema hajawahi kupata kamba imara hivi. Bwana Kitufe amejitolea kuzirefusha kabla ya mvua, na nimemwambia nitafikiria. Aombe tena kidogo.

Mpe wifi yangu salamu nyingi, na wanangu uwabusu mmoja mmoja wasije wakagombana. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula au unajaza tumbo tu. Dada yako wa kati anakusalimu pamoja na mumewe. Salamu za mumewe nimezipunguza kidogo. Mungu akuepushe na husuda za kazini, za nyumbani tunazo za kutosha, na akufungulie njia kila utakapotaka kusafiri.

Ukipewa likizo, ichukue. Usingoje sikukuu. Baba amenikataza katakata nisikuandikie habari za mikono yake, maana anajua utaacha kila kitu uje mbio. Nami mtoto mtiifu. Akiniuliza, barua hii inahusu reli.

Wako akupendaye, na kukuonea wivu kidogo,

Dada yako mkubwa