Chokoleti Mlangoni kwa Bi Zuwena

Dada Pendo,

Shikamoo. Huku Maskati wanasema baridi imeingia, nami naandika huku jasho linanitiririka.

Jana ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, yule askofu wa kale aliyewatupia mabinti maskini dhahabu viatuni kwa siri wapate kuolewa. Ndiyo maana watoto wa Kijerumani ninaowalea huacha viatu mlangoni, wakiamka wavikute vina chokoleti. Asubuhi wakaona mlangoni kwa jirani yetu, Bi Zuwena, kuna jozi za viatu kama ishirini, zote tupu. Wakawaonea huruma wenye viatu. Nami, mwalimu mzima wa shule ya Jumapili, nikawasaidia kuvijaza.

Kumbe ndani kina mama walikuwa wakisoma hitima, na jua la Maskati lilikuwa pale pale barazani. Walipotoka, kila mguu ulizama kwenye uji wa chokoleti.

"Huyo mtakatifu wenu hajui kupiga hodi?" akauliza Bi Zuwena.

Nikavua ndala zangu, nikaingia kuomba radhi, nikaosha viatu vyote bombani, kisha nikakimbia pekupeku kwa aibu.

Leo kanirudishia ndala zangu. Zinang'aa kuliko siku niliyozinunua, na juu ya kila moja kuna halua imefungwa kwenye karatasi.

"Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu," akasema, wala hakutabasamu.

Halua tamu, Dada. Inanukia zafarani na, kwa mbali, miguu yangu.

Nibusie wanangu. Zawadi zao nitazileta kwa mkono, na hodi nitapiga.

Mdogo wako,
Neema