Nyumba Yangu Haimo Kwenye Orodha

Salatiga, Jumamosi

Mdogo wangu Wagiman,

Pokea salamu za kaka yako Kasdi. Je, goti lako linaendeleaje huko Lampung? Mimi mzima. Miaka sabini na sita, na ngazi napanda bila kushika ukuta.

Shule niliiacha darasa la pili, lakini barua hii naandika mwenyewe, maana sitaki mtu mwingine ayajue haya kabla yako.

Chuo kina warsha ya wataalamu wa mpunga. Wakawa wanatafuta nyumba za kuwalaza na mahali pa kula, wawaandikie orodha. Vyumba vyangu vya wageni unavijua, mtaa mzima hakuna kitanda kisicholia ila changu. Mwanangu Tarno ameshasema nikikosa wageni safari hii nyumba inauzwa.

Akaja binti wa ofisi ya chuo, Rosmaida, mtu wa Medan, si wa Java kama sisi. Akauliza kama naweza kupokea wageni. Nikamjibu kama baba alivyotufundisha, kwamba hiki ni kibanda tu, wasomi watateseka. Akaandika, akashukuru, akavuka barabara kwenda kula kwa Warsini, yule jirani muuza wali. Nikawaona dirishani wanacheka. Wanacheka nini?

Orodha ikatoka. Warsini yumo, mimi simo.

Nikajua ni yeye. Tangu nimwambie mchuzi wake una maji mengi, naye akanijibu mbele ya wateja kwamba afadhali mchuzi wenye maji kuliko mzee aliyekauka, hatuna mazungumzo. Nikaanza kumchunguza. Mara mbili nilimwona anakwenda chuoni na blauzi yake ya harusini. Nani anavaa vile kwenda kupeleka wali?

Basi nikaenda ofisini, nikasema nimeona panya jikoni kwake. Wagiman, sikuona panya. Wakamfuta.

Alhamisi Rosmaida akaniletea wageni wanne. Akanigombeza, eti mzee, mbona ulisema kibanda? Kwetu mtu akisema kibovu ni kibovu. Akasema Mama Warsini amemfuata mara mbili kumweleza kwamba mtu wa Java akiiponda nyumba yake anangoja abembelezwe, na kwamba Mzee Kasdi anayejisifia hata kivuli chake, akijishusha, ujue nyumba ni nzuri kweli.

Jana wageni wakaniuliza wale wapi. Nikawavusha barabara mwenyewe. Warsini hajui nani aliyemsema. Akanipakulia, akaniambia kaa, mzee, leo maji nimepunguza. Nikala hadi punje ya mwisho.

Jumatatu nakwenda ofisini kusema nilidanganya. Wakiwahamisha wageni wangu, wawahamishe. Nikitoka huko napita kwa Warsini. Usinishauri vinginevyo, unajua sishauriki.

Nisalimie shemeji na wajukuu wote. Shati nililovaa harusi ya Tarno nimeshalipiga pasi, liko ukutani linangoja Jumatatu.

Ni mimi kaka yako,
Kasdi