Mjukuu Wako Alikuja kwa Mkokoteni

Kariakoo, Jumatano

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mguu umepata nafuu, na baba amepunguza kugombana na yule ng'ombe mkorofi. Sisi hatujambo, tena tumeongezeka: umepata mjukuu wa kike! Usinikasirikie kwanza. Najua nilikuahidi kuja kujifungulia nyumbani, na nguo nilikuwa nimeshafunga. Mwenyewe ndiye hakungoja.

Uchungu ulinishika Jumapili alasiri nikipepeta mchele uani. Huku mjini, Jumapili ikishapita saa nane, magari ya watu binafsi hayaruhusiwi kutembea, ili kuokoa petroli. Basi mkwe wako Elia akawa analizunguka gari la jirani kama kuku anayetaka kutaga. Bi Mwajuma, yule mama wa Kizaramo mwenye nyumba yetu, akamfokea: "Baba wee, unazaa wewe? Kamwite Shomari!"

Shomari ni hamali wa sokoni. Alikuja mbio na mkokoteni wake, umetoka kushusha vitunguu. Bi Mwajuma akautandika godoro, wakanipakia. Mama, nililia na kucheka kwa pamoja. Elia anasukuma nyuma, tai ya kanisani bado shingoni, na Shomari mbele anapiga kelele: "Pisha, pisha! Mzigo huu unapumua!" Wauza kahawa waliacha birika zao wakaja kusukuma.

Hospitali ya wazazi si mbali na kwetu. Jasho la Shomari halijakauka, mtoto akawa ametoka. Hapo kicheko kikaniisha. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzonga shingoni, na hakulia. Mkunga akamfungua, akamsugua mgongo, na mimi namwita Mungu kwa Kichaga. Ndipo akalia. Mkunga akaniambia, "Mngechelewa kidogo, mama, saa hizi tungekuwa tunasema mengine." Sasa ananyonya kama hana kesho, na hadi leo naona ananukia vitunguu.

Mama, tangu siku ile nina hofu juu ya dada Ndeshi. Umeniandikia kwamba atajifungulia kwa wakwe zake kule juu mlimani, mikononi mwa bibi mkunga, kama tulivyozaliwa sisi. Bibi namheshimu sana. Lakini kule hata mkokoteni haufiki. Masika yakianza ule mto haupitiki, na uzazi wa kwanza walimteremsha kwa machela akivuja damu, nusura tumkose. Nakupigia magoti: ashuke sasa, kabla ya mvua, akakae kwa shangazi, pale Moshi mjini, karibu na hospitali. Wakwe wakinuna, waambie mwenye maneno ni mimi. Niko mbali, hawatanipata.

Usiwe na wasiwasi na mimi. Elia ananipikia mtori wa ndizi na nyama. Umekuwa gundi, lakini nakula. Bi Mwajuma ananikanda kwa maji ya moto mpaka nayaita majina ya babu zetu wote.

Msalimie baba, na shangazi, na kaka zangu, na bibi mkunga asione nimemdharau. Mtoto tumempa jina la mama mkwe, ndiyo desturi kwa binti wa kwanza. Jina lako, mama, linamngoja Ndeshi, akipata binti wa pili. Nataka nije niliite hapo uani kwako, nimwite na Ndeshi, na waitike wote wawili, mama na mtoto.

Ni mimi binti yako, sasa mama wa mtu,
Elinami